Wanaohesabiwa bila kuulizwa: utetezi wa Kibajjika

Kati ya wilaya ya Sitamarhi, kaskazini mwa jimbo la Bihar nchini India, na wilaya ya Sarlahi upande wa Nepal, mpaka uko wazi. Watu wa pande zote mbili wanavuka bila viza, wanaoleana, wanauziana mpunga na mifugo, wanazikana. Na wanasema lugha moja, Kibajjika. Upande wa Nepal lugha hiyo imo katika sensa kwa jina lake: mwaka 2001 wasemaji walihesabiwa karibu 238,000, mwaka 2011 karibu 793,000, na mwaka 2021 wakapita 1,130,000. Upande wa India, ambako wasemaji ni wengi zaidi kwa mbali, lugha hiyohiyo haimo katika orodha ya lugha zinazotambuliwa na katiba na wala haifundishiwi shuleni. Ukimuuliza ofisa au msomi, mara nyingi atakujibu kwamba hiyo si lugha, ni boli tu, lahaja ya vijijini. Huyu atasema ni lahaja ya Kimaithili, yule atasema ni lahaja ya Kihindi. Yaani maji ya kisima kimoja yana jina ng'ambo ya mpaka, na hatua chache kusini yake hayana.

Rai hiyo imezoeleka kiasi kwamba hata wasemaji wenyewe wengi wameimeza. Mzazi aliyesoma humkemea mwanawe akikisema mbele ya wageni. Kijana aliyehamia Delhi kutafuta kazi hujifunza upesi kukificha. Mimi naipinga rai hiyo, na naipinga zaidi katika sura yake ya upole, ile inayosema kwamba Kibajjika ni kitamu na ni cha kupendwa, lakini kitulie nyumbani kwa kaka yake mkubwa.

Kwanza tujue tunazungumzia wapi. Kibajjika kinasemwa katika nchi tambarare iliyo mashariki ya mto Gandak na kaskazini ya Ganges: Muzaffarpur, Vaishali, Sheohar, Sitamarhi, sehemu za magharibi za Samastipur na sehemu ya Champaran Mashariki, kisha kuvuka mpaka hadi Sarlahi na Rautahat. Magharibi ya Gandak, huko Saran, watu wanasema Kibhojpuri. Mashariki, Darbhanga na Madhubani, wanasema Kimaithili. Kusini, ng'ambo ya Ganges, ni Kimagahi. Kibajjika kiko katikati ya hao watatu na kina undugu na wote. Shida yake yote imeanzia hapo, kwa kuwa aliye katikati kila jirani humdai kuwa ni wake.

Anayesema Kibajjika ni Kihindi hatatuchukulia muda mrefu. Aprili 1917 Mohandas Gandhi alifika Muzaffarpur akielekea Champaran, ambako wakulima walikuwa wakilazimishwa na walowezi wa Kizungu kulima nili. Mawakili wa Bihar walimpokea, akiwemo Brajkishore Prasad, na walitarajia atawatumia kwa elimu yao ya sheria. Gandhi mwenyewe anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba aliwaambia sheria hataihitaji sana. Alichohitaji ni makarani na wakalimani, kwa sababu Kihindi cha mahali pale hakukielewa, na hati zilizoandikwa kwa maandishi ya Kaithi au kwa Kiurdu asingeweza kuzisoma. Ni kweli Gandhi alikuwa Mgujarati na Kihindi hakukinyonya kwa mama. Lakini huyu ndiye mtu aliyekuwa akikipigania Kihindi kiwe lugha ya taifa zima, akazunguka nacho nchi, na kilipofika kwa mkulima wa Bihar kaskazini kikahitaji mkalimani. Hata hivyo aliendelea kuyaita mazungumzo ya wakulima wale Kihindi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye desturi ni ileile: mwenye mamlaka haelewi kinachosemwa, na bado anashikilia kwamba kinachosemwa ni lugha yake.

Faida ya desturi hiyo inaonekana kwenye takwimu. Katika sensa ya India ya mwaka 2011, wananchi walitaja majina 19,569 ya lugha zao za mama. Wataalamu wa sensa wakayachambua yakabaki 1,369, kisha hayo yakapangwa chini ya lugha 121. Kihindi kikatoka na watu milioni 528. Ukifungua jedwali lenyewe unakuta ndani ya milioni hizo wamo wasemaji zaidi ya milioni 50 waliosema wazi kwamba lugha yao ni Kibhojpuri, milioni 12 na ushee wa Kimagahi, na milioni 25 wa Kirajasthani. Hao walijibu swali vizuri kabisa, kisha jibu lao likahamishiwa kwenye jina la mwingine. Kibajjika hakimo kabisa katika zile lugha 121. Wasemaji wake wamo, kwa maana kila mtu lazima ahesabiwe mahali fulani, ila wamo ndani ya majumla ya wenzao.

Sasa tuje kwa hoja nzito zaidi, hoja ya Kimaithili. Watetezi wa Kimaithili wana kitabu cha kuegemea, nacho ni kazi kubwa ya George Abraham Grierson, ofisa wa Kiingereza aliyetumikia Bihar kisha akasimamia uchunguzi wa lugha za India ulioanza mwaka 1894 na kuchapishwa kati ya 1903 na 1928. Katika juzuu inayohusu Bihar, Grierson aliyaita mazungumzo ya Muzaffarpur Kimaithili cha Magharibi. Tangu hapo kila anayetaka kufunga mjadala humtaja Grierson na kusema mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Namheshimu Grierson kwa kazi aliyoifanya. Wachache wamewahi kusikiliza wanakijiji wa Bihar kwa makini kama yeye, na kitabu chake cha mwaka 1885 kuhusu maisha ya wakulima wa Bihar bado ni hazina. Lakini tuangalie ule uchunguzi ulivyofanyika. Fomu zilipelekwa kwa maofisa wa wilaya. Kila ofisa aliombwa aorodheshe lugha za wilaya yake, kisha atafute mtu wa kutafsiri hadithi ya mwana mpotevu kutoka katika Injili, pamoja na kipande kingine cha kienyeji na orodha ya maneno. Karatasi zikarudishwa, na Grierson akazipanga. Hakuna aliyepita kijiji kwa kijiji kuwauliza watu wao wanajionaje, wala halikuwa lengo. Na Grierson mwenyewe hakuficha kwamba Muzaffarpur ilimtatiza: aliona Kibhojpuri kimeingia humo kwa nguvu kiasi kwamba kwa baadhi ya wasemaji ni vigumu kuamua kama ni Kimaithili au Kibhojpuri. Aliamua, kwa sababu mpangaji lazima aamue. Waliomfuata wakaushika uamuzi, na ile shaka wakaiacha kwenye karatasi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaomnukuu hawalipendi. Katika juzuu hiyohiyo Grierson hakukitambua Kimaithili kuwa lugha inayojitegemea. Alibuni lugha aliyoiita Kibihari, jina ambalo hakuna mkulima aliyelitumia kwa lugha yake, na chini yake akaweka lahaja tatu: Kimaithili, Kimagahi na Kibhojpuri. Kwa hiyo mwanaharakati wa Kimaithili anayemwita Grierson shahidi dhidi ya Kibajjika anamwita shahidi aliyesema kwamba Kimaithili nacho ni lahaja. Hawezi kuchukua nusu ya ushahidi na kuificha nusu nyingine. Kama uamuzi wa 1903 unawafunga watu wa Muzaffarpur, basi unawafunga na watu wa Darbhanga. Na kama Darbhanga waliruhusiwa kuukataa, Muzaffarpur nao waruhusiwe.

Na Darbhanga waliukataa kweli, na walifanya vizuri. Historia ya Kimaithili ni historia ya lugha iliyoambiwa kwa zaidi ya karne nzima kwamba haipo. Vidyapati, mshairi mkubwa wa karne ya 14 na 15, alidaiwa na Wabengali kuwa mshairi wao mpaka utafiti wa miaka ya 1870 ulipoonyesha kwamba alikuwa mtu wa Mithila, nchi ya Kimaithili. Baada ya Wabengali wakaja watu wa Kihindi, nao wakasema Kimaithili ni lahaja yao, na wakamweka Vidyapati huyohuyo katika historia ya fasihi ya Kihindi. Ilibidi wasomi wa Mithila waandike sarufi, wakusanye miswada, wagombane katika vyuo vikuu. Mwaka 1965 Sahitya Akademi, taasisi ya taifa ya fasihi, ikakikubali. Mwaka 2003 bunge likapitisha marekebisho ya 92 ya katiba na kukiingiza katika Jedwali la Nane, ile orodha ya lugha zinazotambuliwa na katiba, pamoja na Kibodo, Kidogri na Kisantali, lugha za jedwali zikawa 22. Hoja zilizotumika kukizuia muda wote huo zilikuwa zipi? Kwamba kinaeleweka na jirani. Kwamba kinagawanya watu. Kwamba ni siasa za watu wachache. Kwamba jina lake limebuniwa. Hoja hizo hizo, bila kubadilishwa hata nukta, ndizo sasa zinasemwa Darbhanga dhidi ya Muzaffarpur. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Tuzichukue hoja zenyewe.

Kuelewana. Ndiyo, mtu wa Sitamarhi na mtu wa Madhubani wanaelewana. Mtu wa Hajipur na mtu wa Saran ng'ambo ya Gandak wanaelewana pia, na huyo wa Saran anasema Kibhojpuri. Katika tambarare yote ya Ganges lugha hubadilika kidogo kidogo kutoka kijiji hadi kijiji, na popote utakapochora mstari majirani wa pande mbili watakuwa wanaelewana. Kihindi na Kiurdu vya mitaani vinaelewana kuliko Kibajjika na Kimaithili cha vitabuni, na kila kimoja kina nafasi yake katika katiba. Huku kwetu Mrundi na Mnyarwanda wanaongea wakaelewana vizuri, na sijamsikia mtu wa Bujumbura akiambiwa Kirundi ni lahaja ya Kigali. Kuelewana kunaonyesha undugu. Nani awe mkuu na nani awe mdogo, hilo kuelewana hakuliamui.

Na undugu siukatai. Ukikiangalia kitenzi cha Kibajjika unauona waziwazi. Katika lugha za Bihar kaskazini na kati, kitenzi hakimtaji mtenda peke yake. Mwishoni mwake hubeba pia alama ya mtu mwingine, mtendwa au hata msikilizaji ambaye hahusiki na kitendo chenyewe, pamoja na cheo chake: je, ni wa kuheshimiwa, ni wa rika, ni mdogo? Msomaji wa Kiswahili aliyezoea kuweka mtenda na mtendwa ndani ya neno moja ataelewa kwa haraka jinsi kitenzi cha namna hiyo kinavyoweza kubeba mengi, ila Kiswahili hakijafika hatua ya kuweka ndani ya kitenzi heshima ya mtu anayesikiliza. Mfumo huo Kibajjika kinauchangia na Kimaithili na Kimagahi. Lakini ukisikiliza kitenzi chenyewe cha kuwa, kile kinachotokea karibu katika kila sentensi, Darbhanga utasikia kinaanza na chh, kama katika chhai, na Muzaffarpur utasikia h: hai, au hau ukiwa unaongea na mtu wa karibu nawe. Mtu wa sokoni hahitaji kusoma isimu kutambua nani ametoka wapi. Anatambua kwa neno la kwanza. Mwanaisimu Abhishek Kumar Kashyap amechunguza upatanisho huu wa kitenzi cha Kibajjika na kuchapisha katika majarida ya kimataifa, akikitaja kwa jina lake. Kazi ya aina hiyo ndiyo ya kujadiliwa, siyo fomu ya ofisa wa wilaya wa mwaka 1900.

Fasihi. Wanasema Kibajjika hakina fasihi. Wanaosema hivyo wanamaanisha hakikuwa na ikulu. Upande wa mashariki kulikuwa na milki ya Raj Darbhanga, na maharaja waliolipa washairi na kuhifadhi miswada. Muzaffarpur haikuwa na kiti cha aina hiyo. Wilaya yenyewe ilizaliwa mwaka 1875 Waingereza walipoigawa Tirhut vipande viwili, Muzaffarpur na Darbhanga. Lugha ya wakulima, wavuvi na vibarua haikulipiwa mwandishi. Lakini nyimbo za sohar zinazoimbwa mtoto akizaliwa, nyimbo za arusi, nyimbo za wanawake wakiwa wamesimama majini kwenye sikukuu ya Chhath wakilisubiri jua, hizo zimeimbwa kwa lugha ya nyumbani kizazi baada ya kizazi. Na maandishi nayo yapo: katika miaka ya 1960 Siyaram Tiwari aliandika kitabu kizima kuhusu lugha ya Kibajjika na fasihi yake, kikachapishwa Patna. Zaidi ya hapo, hoja yenyewe imegeuzwa kichwa chini. Mtoto hafundishwi kusoma lugha yake, hana kitabu chake, hana mtihani wake, hana tuzo yake, kisha miaka sitini baadaye anaulizwa mbona hajaandika riwaya.

Jina. Hapa watetezi wa Kibajjika wenyewe wamejitia matatani, na afadhali tuseme ukweli. Jina Kibajjika limetokana na Vajji, shirikisho la kale ambalo mji wake mkuu ulikuwa Vaishali, nchi ya Walicchavi, ambako Buddha alipita na kuhubiri. Aliyelieneza jina hilo katikati ya karne ya 20 ni mwandishi Rahul Sankrityayan. Wapo wanaotaka kutuaminisha kwamba Walicchavi walisema Kibajjika. Hapana. Walisema lugha ya kale ya jamii ya Prakrit, na kati yao na wanawake wanaochuma matunda ya lichi Muzaffarpur leo kuna karne ishirini na tano za mabadiliko. Kujivunia Vaishali hakuna ubaya, ila hoja ya Kibajjika haihitaji Walicchavi. Lakini mpinzani anayesema jina ni jipya kwa hiyo lugha haipo naye hana hoja, kwa sababu karibu majina yote ya lugha za eneo hili yalisimikwa na wasomi wa karne mbili zilizopita, Kimaithili kikiwamo. Watu walikuwa wanasema lugha ya kwetu, lugha ya kienyeji. Jina huja pale unapolazimika kumjibu mtu wa nje anayeuliza.

Nafika kwenye hoja ambayo msomaji wa Kiswahili huenda anayo tayari mdomoni. Mbona sisi tunazo Kimvita, Kiamu, Kiunguja, Kimtang'ata, na wote tumekaa chini ya Kiswahili bila kila mmoja kudai lugha yake? Kwa nini Muzaffarpur wasifanye vivyo hivyo chini ya Kimaithili?

Swali ni zuri na lina jibu. Mtu wa Mombasa anajiita mwenyewe Mswahili na lugha yake anaiita Kiswahili, hakuna aliyemwandikia. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwishoni mwa miaka ya 1920, Wamombasa walinung'unika, na wengine wananung'unika hadi leo, lakini Muyaka bin Haji hakutolewa katika fasihi ya Kiswahili. Inkishafi ya watu wa kaskazini inasomwa. Abdilatif Abdalla alipoandika Sauti ya Dhiki kwa Kimvita hakuambiwa kwamba ile si lugha. Alipewa tuzo ya Jomo Kenyatta. Yaani waliomo ndani wamo kwa hiari, na wanapata urithi. Na wale wasiotaka kuwamo wanaachwa. Kingazija na ndugu zake wa visiwa vya Komoro kwa muda mrefu viliwahi kuitwa Kiswahili na wageni, lakini Wakomoro wanasema wana lugha yao, na wanaisimu waliochunguza lugha za Sabaki, akina Nurse na Hinnebusch, wameweka Kikomoro mbali na Kiswahili. Kiswahili hakikupungua kitu.

Sasa linganisha na Muzaffarpur. Leo mtahiniwa anaweza kujibu mtihani wa utumishi wa serikali kuu kwa Kimaithili, na mwandishi wa Kimaithili anaweza kushinda tuzo. Lakini Kimaithili cha mtihani na cha vitabu ni cha Darbhanga na Madhubani, na kwa historia yake kimeshikamana na tabaka la Wabrahmini na Wakayastha waliokuwa karibu na ikulu. Mtoto wa Sheohar, mwana wa kibarua, akikaa kwenye mtihani huo atasahihishwa lugha yake neno kwa neno. Wakati wa kudai idadi, yeye ni Mmaithili. Wakati wa kugawa nafasi, anasema vibaya. Huo ndio udugu anaopewa, na ndiyo maana anaukataa. Kimaithili kingetaka kweli kumchukua, kingeanza kwa kuchapisha vitabu vya kiada vyenye hai na hau, na kumpa tuzo mshairi wa Hajipur kwa lahaja yake kama ilivyo. Nimesoma madai mengi ya kuwamiliki watu wa magharibi, na hilo sijaliona likidaiwa kwa sauti hiyohiyo.

Umoja. Hii ndiyo hoja ya mwisho na ndiyo inayosemwa kwa uchungu zaidi. Kwamba kukitambua Kibajjika, na Kiangika upande wa kusini-mashariki, ni njama ya kuigawa Mithila, kudhoofisha madai ya jimbo la Mithila na kukipunguza Kimaithili. Ushahidi wanaoutoa ni sensa ya Nepal: Kibajjika kimepanda kutoka laki mbili na ushee hadi milioni na ushee katika miaka ishirini, na hakuna watu wanaozaana kwa kasi hiyo. Kweli hawazaani hivyo. Kilichotokea ni kwamba watu waliokuwa wakiandikwa chini ya majina mengine walipata nafasi ya kujitaja, na kila sensa iliyofuata wengine wakajua kwamba nafasi ipo. Anayeiita hiyo siasa ajibu kwanza: kuwaandika chini ya Kimaithili miaka yote hiyo kulikuwa nini? Na Kimaithili cha Nepal hakikuporomoka. Wasemaji wake waliongezeka kutoka karibu milioni 3.09 mwaka 2011 hadi milioni 3.22 mwaka 2021. Kilichoshuka ni asilimia tu, kutoka 11.67 hadi 11.05. Katiba ya Nepal ya 2015 inasema lugha zote za mama zinazosemwa nchini ni lugha za taifa, na mwaka 2021 Tume ya Lugha ilipopendekeza lugha rasmi za mkoa wa Madhesh ilizitaja tatu bega kwa bega: Kimaithili, Kibhojpuri na Kibajjika. Mkoa haukuvunjika.

Mtu anaweza kusema haya yote ni mabishano ya wasomi, na kwamba maskini wa Bihar anahitaji chakula na hospitali. Nachukua hospitali, basi. Muzaffarpur inajulikana kwa lichi, na inajulikana kwa ugonjwa wa watoto ambao wenyeji wanauita homa ya chamki. Huja wakati wa joto kali, Mei na Juni. Mtoto analala mzima, alfajiri anaanza kutetemeka na kupoteza fahamu, na asipowahi kupewa sukari mwilini anaweza kufa ndani ya saa chache. Mwaka 2019 zaidi ya watoto mia moja walikufa katika wiki chache, wengi wao wa familia fukara. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha ugonjwa huo na sumu iliyomo kwenye lichi pamoja na kulala bila kula chakula cha usiku. Maana yake kinga iko jikoni, mikononi mwa mama: mtoto asilale na njaa, na akianza kutetemeka asisubiriwe kupambazuke. Na daktari naye anahitaji majibu mawili matatu upesi: alikula nini jana, alikula saa ngapi, ilianzaje. Sidai kwamba lugha ndiyo iliyoua wale watoto; umaskini, joto na uhaba wa vituo vya afya vilitosha. Ninachodai ni kwamba onyo la namna hiyo lazima limfikie mama kwa lugha anayoisikia usiku akiwa na hofu, na kwamba serikali isiyokubali kuwa lugha hiyo ipo haiwezi kupanga kuitumia. Itabandika tangazo la Kihindi ukutani na kuhesabu kwamba imeshatoa elimu.

Shule ni hivyohivyo. Sera ya elimu ya India ya mwaka 2020 inasema mtoto afundishwe kwa lugha ya nyumbani, inapowezekana, angalau hadi darasa la tano. Kwa watoto wa Muzaffarpur sera hiyo haina pa kuanzia, kwa sababu kwenye karatasi lugha yao ya nyumbani ni Kihindi. Mwalimu anayetoka kijiji kilekile anamfafanulia mtoto hesabu kwa Kibajjika mkaguzi akiwa hayupo, na anarudi kwenye Kihindi mkaguzi akiingia.

Kibajjika kimo katika orodha ya lugha 38 ambazo Wizara ya Mambo ya Ndani ya India inakiri kwamba zimeombewa kuingia katika Jedwali la Nane. Kimeandikwa Bazika. Orodha hiyo imekaa miaka mingi bila uamuzi, na sitegemei iamuliwe kesho. Lakini sensa ya India, iliyopaswa kufanyika 2021 ikaahirishwa, imetangazwa kwa tarehe ya msingi ya 1 Machi 2027. Karani atapita nyumba kwa nyumba Muzaffarpur, Vaishali, Sheohar na Sitamarhi, na atauliza lugha ya mama. Aandike jibu kama alivyoambiwa, hata kama simu anayojazia majibu haina jina hilo kwenye orodha. Na ofisi ya sensa ichapishe idadi ya waliotaja Kibajjika katika mstari wake wenyewe, wawe laki moja au milioni kumi, kabla ya mtaalamu yeyote kuipeleka chini ya Kihindi au chini ya Kimaithili. Wanaoamini kwamba Kibajjika ni njama ya watu wachache hawana sababu ya kuiogopa idadi hiyo.